Simu Iliyolia Kabatini

Nyumbani kwangu simu haiwekwi juu ya meza. Iweke kwenye kochi, itie mfukoni, ilalie ukipenda, lakini ukiiweka juu ya mbao nitaiondoa mwenyewe bila kukuomba ruhusa. Mume wangu alishazoea. Wageni ndio hunishangaa. Shemeji yangu mmoja aliwahi kuniuliza kama naogopa meza itachubuka, nikamjibu ndiyo, kwa sababu jibu la kweli ni refu na chai ilikuwa inapoa.

Jibu hilo la kweli lilinifuata juzi hadi kwenye mkutano wa wazazi, hapa Keumbu, katika shule anayosoma binti yangu. Ajenda ilikuwa simu darasani. Tuliambiwa watoto wetu wanaziingiza ndani ya soksi, ndani ya mkate uliotobolewa katikati, hata ndani ya kitabu cha nyimbo. Baba mmoja alitaka zipigwe nyundo mbele ya gwaride. Mama mmoja akasema dunia imebadilika, masomo yenyewe siku hizi yamo ndani ya simu, na tukimnyima mtoto tunamrudisha nyuma. Kelele zikawa nyingi. Mwalimu mkuu, mama mpole mwenye sauti ndogo, akainua sanduku la mbao lenye kufuli na kutueleza kwamba kila simu itakayokamatwa italala humo hadi shule ifungwe. Zilizokamatwa wiki hiyo zilikuwamo tayari. Akaliweka mezani, na kabla hajaondoa mkono, moja ikaanza kutetemeka.

Watu walicheka. Mimi nilitoka nje nikasimama karibu na tangi la maji, nimeshika mfereji kama mtu anayetaka kunawa.

Nilikulia upande wa Nyansiongo, kwenye mashamba yaliyokuwa ya wazungu zamani. Shule yetu ya msingi ilianzia ndani ya nyumba ya mmoja wao, na darasa la saba lilikuwa ndiyo sebule yake. Alituachia mahali pa kuota moto ambapo hapakuwahi kuwashwa moto, na kabati. Kabati lenyewe lilikuwa refu, zito, limejengewa ukutani, na lilinuka chaki, mafuta ya taa na vitabu vilivyonyeshewa. Dawati letu mimi na Moraa liligusana nalo. Nikiinamisha kichwa kuandika, sikio langu la kushoto lilikuwa karibu na mlango wake.

Mwalimu Ombati ndiye aliyekuwa mwalimu wa darasa letu. Alikuwa mtu wa haki, mzee wa kanisa, asiyempiga mtoto kabla ya kumweleza kosa lake tangu mwanzo hadi mwisho. Katika yote aliyoyachukia, simu iliongoza. Ndio kwanza zilikuwa zimefika vijijini, zile ndogo za vibonyezo zenye tochi, na nyumba iliyopata moja iliishonea kifuko cha kitambaa. Kanuni ya Mwalimu ilikuwa fupi: simu ikionekana darasani inaingia kabatini, mzazi anakuja kuichukua mwenyewe, na asipokuja inakaa humo hadi kufunga shule. Ufunguo aliuvaa shingoni, ndani ya shati.

Moraa alikuwa rafiki yangu na jirani yangu. Boma lao na letu yalitenganishwa na majani chai tu. Baba yake alikuwa amekwenda kuchimba dhahabu mbali, kule chini kwenye joto. Kabla ya kuondoka alinunua simu moja ya aina hiyo, kabambe nyekundu, akaizungushia raba kwa sababu mfuniko wa nyuma ulikuwa unaachia, akamkabidhi Moraa badala ya mkewe. Mama Moraa hakuwa mtu wa simu. Aliyemtaka alimpata kupitia kwa mwenye duka la kuchaji simu pale sokoni. Namba ya ile nyekundu aliijua Baba Moraa peke yake, na alimkataza binti yake kumpa mtu mwingine.

"Hii ikilia ujue ni mimi," alimwambia. Nilikuwepo, na nilimwonea Moraa wivu wa kweli.

Kisha shimo likaporomoka. Habari zililetwa na wachimbaji wengine: baadhi walitolewa wakiwa hai, baadhi wakiwa maiti, na wengine ardhi ikakataa kuwatoa. Baba mdogo wa Moraa alikwenda huko, akakawia, akarudi na koti. Lilikuwa la kaka yake. Lilikutwa limetundikwa kwenye kijiti nje ya shimo. Alipoulizwa mwili uko wapi alionyesha chini kwa kidole, akaomba maji ya kunywa.

Kwetu, mtu asiyepatikana haachwi hivi hivi. Hukatwa shina la mgomba la urefu wake, likatiwa kwenye jeneza pamoja na nguo zake, likazikwa kando ya nyumba yake ili naye awe na mahali. Wazee wa ukoo walilitaja jambo hilo mapema. Mama Moraa ndiye aliyekataa. Hakulia wala kubishana. Kila walipokuja aliwapa chai na kuwaambia, "Bado, wazee wangu. Nipeni siku kidogo." Wakanywa chai, wakaondoka, wakarudi tena.

Moraa naye alikataa kuachana na simu. Haikuwa imelia tangu shimo liporomoke, lakini aliipitisha kwa mwenye duka kila ilipopungua chaji, akaja nayo shuleni ameifunga kiunoni chini ya sweta. Alikuwa ameizima sauti akabakisha mtetemo, ili ikilia ajue yeye peke yake.

Mwalimu aliiona siku ya kukagua kucha na sare. Tuliinua mikono, sweta ya Moraa ikapanda, raba ikaonekana. Mwalimu alieleza kosa lote kama kawaida yake. Sidhani kama Moraa alisikia hata neno moja. Alikuwa akiutazama ule mkono wenye simu.

"Mwalimu, nitapigiwa," alisema.

"Na nani?"

"Tata."

Ndivyo tunavyomwita baba. Darasa zima lilijua habari za shimo, na Mwalimu pia. Nilimwona akisita. Halafu akasema kwa upole, "Mwambie mama yako aje, nitampa yeye." Akafungua kabati, akaiweka rafu ya juu, akafunga.

Kesho yake, katikati ya hesabu, kabati likaanza kulia.

Mbao zile nzee ziliuchukua mtetemo zikaukuza. Mlango ukagonga komeo lake, drrr, drrr, na dawati letu likatetemeka chini ya viwiko vyetu. Mwalimu akabaki na chaki hewani. Ikakoma. Tukashusha pumzi, ikaanza tena.

"Ni yeye," Moraa alisema.

Nataka nieleze tulivyolielewa jambo lile, maana ukubwani ni rahisi kushangaa. Hatukufikiri kwamba Baba Moraa yu hai. Koti lilikuwa limerudi, na koti halirudi bila mwenyewe kama mwenyewe anaweza kulivaa. Basi kama anayepiga ni yeye, anapiga akiwa kule kule chini. Mimi kilichonitatiza ni mtandao tu. Sisi tuliokuwa juu ya ardhi tulipanda kilima kuutafuta, sasa yeye unamfikiaje ndani ya udongo? Nilimwuliza nyanya yangu nilipofika nyumbani.

Nyanya aliacha kumenya ndizi. Hakuniuliza kama nina hakika. Aliuliza, "Kuna mtu ameitikia?"

"Hapana. Iko ndani ya kabati."

"Vizuri." Akaniambia kwamba mtu asiyezikwa anahangaika, anabisha popote walipo watu wake hadi apewe pa kulala. Na marehemu akikuita usiitikie, kwa sababu ukiitikia umekubali kumfuata. Alijitanda leso akakatiza kwenye shamba la chai kwenda kwa nyanya yake Moraa. Kila mtoto wa darasa letu alikuwa na nyanya yake. Kufikia Sabato, watu walikuwa wakinong'onezana nje ya kanisa kwamba Baba Moraa analia ndani ya kabati la shule, anaomba azikwe.

Iliendelea kulia, asubuhi baada ya asubuhi, karibu na mapumziko. Kanisani Mwalimu Ombati alifundisha kwamba wafu wamelala na hawana shughuli na sisi, na darasani alilirudia somo hilo kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Lakini kabati lilipoanza, mkono wake ulipanda hadi kwenye ufunguo, ukashuka mtupu. Sisi tuliokaa mbele tuliuona. Nilikuwa namheshimu mno, na kumwona anaogopa kulinitisha kuliko ile simu yenyewe.

Siku moja wakati wa mapumziko nilirudi darasani kuchukua kikombe changu. Moraa alikuwa amepiga magoti mbele ya kabati, ameweka mdomo kwenye ufa wa mlango. Simu ilikuwa ikilia ndani. Alikuwa akiongea na mbao, polepole, kwa lugha ya nyumbani.

"Tata, niko hapa. Niko hapa. Usikate, niko hapa."

Alikuwa ameitikia. Nilisubiri aanguke. Nilisimama pale na kikombe changu nikisubiri rafiki yangu afe mbele ya macho yangu, na hakufa, aliinuka tu akapangusa magoti. Nilimwogopa kwa siku nyingi baada ya hapo. Hofu hiyo ninayo hadi leo, ila imegeuka upande wa pili.

Mama Moraa aliitwa na Mwalimu mwenyewe. Nadhani alitaka kuutua mzigo ule. Alifika mlangoni ameshika viatu mkononi kwa sababu ya matope, nasi tukasimama kumwamkia. Mwalimu alikuwa tayari ameutoa ufunguo shingoni.

"Mama, karibu. Chukua simu yako, tusameheane."

"Asante, Mwalimu. Nimekujia hiyo tu." Alipiga hatua ndani. Alikuja kuichukua, hilo nina hakika nalo, alikuwa hata amekunjua kitambaa cha kuifungia. Mwalimu akafungua mlango wa kabati, na ndipo ikalia.

Kioo chake kiliwaka pale rafu ya juu. Ilikuwa ikitambaa yenyewe juu ya mbao, kidogo kidogo, kuelekea ukingoni. Moraa alitoka kwenye dawati akamshika mama yake mkono.

"Mama, shika. Shika tu, uniambie anasema nini."

Mama Moraa hakusogea. Muda wote ule alikuwa amewaambia wazee bado, bado, na nadhani kilichomshikilia ni kwamba hakuwa amesikia kwa masikio yake. Sasa alikuwa anasikia. Uso wake ulilegea, ukawa uso wa mtu aliyechoka kungoja.

"Nishike mimi?" Mwalimu aliuliza. Mkono wake ulikuwa nusu ya njia.

"Wacha, Mwalimu. Wacha ikae hapo. Nimesikia." Kisha akamwambia binti yake, au labda aliiambia simu, "Basi. Tutakuzika."

Mwalimu akafunga kabati. Bado ilikuwa inalia.

Walimzika Ijumaa, mapema, jua lisije likatua wakiwa na koleo mkononi, Sabato ikiingia. Shina lilikatwa kwenye migomba ya nyuma ya jikoni. Nakumbuka lilivyobebwa na wanaume wawili, limelowa, utomvu ukidondoka njiani na kuacha madoa meusi kwenye mashati yao. Walilivika lile koti. Mchungaji alisoma neno, akaiombea familia, akaondoka kabla jeneza halijashushwa, kwa kuwa hakutaka kusemwa kwamba amezika mgomba. Wanawake walilia kilio cha kweli. Moraa aliombwa atupe udongo, akaficha mikono nyuma ya mgongo, na hakuna aliyemlazimisha.

Jumatatu tulikaa darasani tukisubiri. Mapumziko yalifika, kabati kimya. Jumanne kimya. Kufikia mwisho wa wiki Mwalimu Ombati alikuwa anatania tena, na mvulana mmoja akathubutu kuegemea ule mlango kwa mgongo. Nyumbani nyanya alinipakulia matoke na kusema, "Umeona? Amepata pa kulala." Nilifurahi. Nasema wazi kwamba nilifurahi, sote tulifurahi, na ile ladha ya matoke ya siku ile bado naijua. Moraa peke yake ndiye aliyekuwa akilaza sikio kwenye mbao hadi Mwalimu amwambie akae vizuri.

Siku ya kufunga shule Mwalimu alimpa simu yake mkononi, imezimika kabisa. Tulikwenda naye moja kwa moja hadi sokoni kwa mwenye duka la kuchaji. Mama yake alikuwa akiuza ndizi mbele ya duka hilo hilo, akatuona, akaja na yeye, mikono ameifuta kwenye leso. Hakusema tuiache. Mwenyewe alikuwa amezikwa, hapakuwa tena na cha kuogopa.

Mwenye duka aliichomeka. Baada ya muda ikawaka. Moraa akabonyeza, na orodha ikatokea ya simu ambazo hazikupokelewa, zote za namba moja ngeni, namba ile ile kutoka juu hadi chini.

"Hii si ya baba yako," mwenye duka alisema. "Lakini ni namba ya mtu. Ngojeni." Alichukua simu yake mwenyewe, akapiga, akaweka sauti kubwa ili sote tusikie.

Aliyepokea alikuwa mwanamume, mwenye Kiswahili cha mbali. Mwenye duka alimweleza tunapiga kutoka wapi.

"Nyinyi ndio watu wa huyo mzee? Sasa mlikuwa wapi?"

"Mzee gani?" Mama Moraa aliuliza.

"Yule wa mguu. Walimtoa kwa shimo la upande wa pili, akapelekwa hospitali bila jina. Akalala huko hajui chochote. Alipopata akili nikamchukua kwangu, mguu walikuwa wameshakata. Hakuwa na simu, namba aliyokumbuka ni hiyo moja. Kila asubuhi nikitoka zamu namwazima yangu."

Mama mmoja alikuja kuulizia bei ya ndizi, akatazama nyuso zetu akaondoka.

"Yuko hapo?" Moraa aliuliza. "Mpe simu. Mpe Tata."

"Ameenda, mtoto wangu. Alikuwa anasema inaita, hawashiki. Nikamwambia labda wako shambani. Akasema hapana, wamesikia mimi ni mtu wa mguu mmoja, wamenichoka kabla hawajaniona. Halafu wiki moja simu ikaanza kusema haipatikani, akasema sasa wameifunga kabisa. Akaomba nafasi kwa lori, akaenda."

"Alienda upande gani?"

"Hakusema. Alisema tu si nyumbani."

Mama Moraa alirudi kwenye ndizi zake. Aliketi, akazipanga upya, kubwa mbele, ndogo nyuma, kama vile soko ndiyo kwanza lilikuwa linaanza. Nilimwamkia kesho yake, na keshokutwa, na miaka iliyofuata, na sikumsikia tena akimwambia mtu yeyote neno "bado".

Baba mdogo alikwenda kumtafuta, akarudi bure, akaenda tena. Wazee walikaa kujadili la kufanya na kaburi. Mtu aliyekwisha kuzikwa haingii tu langoni, kuna mambo ya kutengenezwa kwanza, na walibishana kama waufukue mgomba sasa au wangoje aonekane. Wakakubaliana kungoja. Kaburi lipo hadi leo na jina lake limeandikwa msalabani. Mwalimu Ombati aliomba kuhamishwa, na siku aliyokuja kuiaga familia alisimama uani muda mrefu, kofia mkononi, bila kueleza kosa la mtu yeyote. Nyanya yangu aliishi miaka mingi baada ya hapo. Hakuzungumza tena habari za marehemu wanaoita.

Juzi, nilipotulia pale kwenye tangi, nilirudi mkutanoni nikanyoosha mkono. Nilisema sina neno na sanduku, wala sina neno na kufuli. Ninaomba jambo moja tu, kwamba simu ikilia humo ndani, aliye karibu afungue na aseme halo. Wazazi walicheka tena. Mwalimu mkuu alitabasamu, akasema sheria ikianza kufunguliwa kila ikilia haitakuwa sheria. Alisema vizuri, na katika maisha ya kawaida ningemuunga mkono.

Sikwenda nyumbani. Nilikwenda hadi Suneka, ambako Moraa ana duka la kushona sare za shule. Tunaonana mara chache, na tukionana tunaongea habari za watoto. Ile kabambe nyekundu ipo pale pembeni ya cherehani, juu ya kitambaa kilichokunjwa mara nyingi, raba mpya, namba ile ile. Betri ameibadilisha sijui mara ngapi. Nilimweleza habari za mkutano. Aliendelea kupindua kola ya shati la mtoto.

Simu ikalia. Alisimamisha cherehani kwa kiganja, na kabla haijatetemeka mara ya pili ilikuwa sikioni mwake. Hakusema halo. Alisema kwa lugha ya nyumbani, polepole, kwa sauti niliyoijua:

"Niko hapa."

Nilisikia mtu wa upande wa pili akiomba radhi, amekosea namba. Moraa hakukata. Alibaki ameishikilia sikioni, hadi yule mtu alipokata mwenyewe.